Lugha Yangu Ilivyomwambia Mama Kabula Arudi Jikoni

Jamani, aibu hii niliitengeneza mwenyewe, kwa miezi minane, chumbani kwangu Buhongwa. Nilikuwa natunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta kwa maneno ya Kiswahili, kwa sababu (hivi ndivyo nilivyojinadi) lugha nyingi za kompyuta zimetungwa na wanaume wakiwafikiria wanaume wenzao, na mwanamke akikosea anaonekana hana akili. Yangu ingekuwa tofauti.

Siku ya kuionyesha, akina mama wauza dagaa, niliotaka waitumie kwa hesabu za biashara yao, walijaa ukumbini Mirongo, na kama hawa wangeikataa sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Asubuhi ile nilikuwa na saa moja tu: nipitie majibu ambayo lugha inatoa mtu akikosea, au nirekebishe rangi ya herufi. Nikarekebisha rangi (mara nne).

Mwenyekiti wao, Mama Kabula, akajitolea kujaribu. Nikampa shikamoo, nikamwambia aandike jina lake kisha aweke nukta. Akasahau nukta. Ukutani, projekta ilipomulika, pakatokea kwa zambarau safi kabisa: "Soma kwanza ndipo uulize."

Badala ya kumkumbusha nukta nikasema, "Samahani mama, bonyeza tena," maana akili ilikuwa imeshahama, naye akabonyeza, na mimi nilikuwa nimeipanga iwe kali zaidi kosa likirudiwa: "Hii si kazi yako. Rudi jikoni."

Kisha sauti kutoka nyuma: "Mama Kabula, umesikia, ugali unaungua."

Wakaangua kicheko, nami nikakimbilia kuchomoa waya wa projekta (nikachomoa wa feni), kwa hiyo maneno yakabaki pale pale na joto likapanda.

Mama Kabula hakucheka. "Mwanangu, haya maneno umeyatoa wapi?"

Nikasema ukweli. Ndivyo wanaume wa mtandaoni walivyonijibu nilipokuwa najifunza peke yangu, kila nilipouliza. Niliyaweka ili yanikaripie nisizembee, nikayazoea mpaka nikaacha kuyaona.

"Basi yafute tukiwa hapa hapa," akasema, akavuta kiti. "Tutakutajia ya kuweka."

Wakabishana mpaka mchana. La kwanza likawa: "Mama, umesahau nukta mwishoni."

Tangu siku hiyo simwonyeshi mtu kitu nilichotunga kabla mimi mwenyewe sijakosea ndani yake, kwa makusudi, na kusoma ninavyojibiwa. Rangi sijaigusa tena, ingawa ile zambarau bado inaninyima raha.