Vistari vya Umri

Naandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Kwenye umri wangu naweka vistari, nafuta, narudisha, na harufu ya chaki inanijia puani.

Shuleni, mwalimu wa Kiingereza alisema umri ukimtangulia mtu kwenye sentensi, maneno yafungwe kwa vistari, ukimfuata, yaachwe. Kila mmoja aandike sentensi kuhusu mwenzake wa dawati. Wangu, msichana wa kijiji cha Kipsing, hakujua umri wake. Siku ya mnada nilimtafuta baba yake katikati ya mbuzi na vumbi.

“Salaam aleikum, mzee. Binti yako alizaliwa lini?”

“Ule mwaka wa ukame, ng’ombe walikufa wote.”

Nilihesabu kwa vidole, nikijiona msomi. “Basi ana kumi na tano!”

“Kumbe! Na mimi nasema bado mtoto.” Akamgeukia rafiki yake. “Yule mtu alikuwa anataka kumuoa, mwambie akuje.”

Sentensi yangu ilipata alama zote. Wiki iliyofuata nilikaa dawatini peke yangu.

Miaka ya ukame ilikuwa mingi kwetu. Sikumuuliza ni upi.