Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Mama Apoline anafinyanga vyungu hapa Heru Juu. Ni Mtwa, kabila la wafinyanzi tangu zamani. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, kama babu zangu, na sote sasa ni Watanzania. Lakini babu zetu walikuja na jambo moja ambalo hawakuliacha mpakani: Mtwa utamnunulia chungu, ila hunywi naye chombo kimoja.

Jumuiya yetu husali kila Jumamosi nyumba kwa nyumba. Tunasoma Injili ya kesho yake, tunaitafakari, kisha mwenye nyumba anatoa kibuyu cha togwa na wote tunakinywea. Nyumba ya Mama Apoline ilirukwa miaka mitatu. Kwaresima hii alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, Mzee Bazilio, akamwambia, "Nataka mje, na mnywe kwangu. La sivyo nijue mimi si wa jumuiya."

Tukaenda. Alikuwa amefagia hadi njiani.

Injili ilikuwa ya yule mama Msamaria kisimani. Mzee Bazilio anasoma vizuri, sauti inapanda na kushuka. Yesu akamwambia, nipe maji ninywe. Kisha mzee akatafakari kwa muda mrefu sana. Akasema tusibaguane, akatufundisha jinsi Bwana alivyovunja ukuta kati ya Wayahudi na Wasamaria. Wamama wakaitikia amina. Na mimi niliitikia.

Mama Apoline akaleta kibuyu, amekishika kwa mikono miwili.

"Karibu, mwenyekiti."

"Yoo, mama, sisi tumefunga. Si unajua Kwaresima?"

Ganda la karanga lilikuwa bado limenasa kwenye ndevu zake. Tulikuwa tumezitafuna wote tukipanda mlima.

Mama Apoline akampa Dorcas, aliyeketi karibu na mzee. Dorcas akasema tumbo linamsumbua. Pasikali, mwimbishaji wetu, akakigusisha mdomoni bila kufungua midomo, kisha akajifuta kwa kiganja akidhani hakuna anayemwona. Nilimwona. 

Kikanifikia. Mama yangu akanifinya paja. Nami nikakipitisha.

Mama Apoline akakipokea, akakitazama ndani. Kilikuwa kimejaa vilevile.

"Mwenyekiti," akasema, "yule Yesu alikunywa?"

Mzee Bazilio akapekua Injili, kidole kikashuka mstari kwa mstari. "Haijaandikwa, mama. Ila alikunywa tu. Aombe maji halafu ayakatae?"

"Aliomba kwa Msamaria. Hakusema amefunga."

Mtu akacheka kidogo, kisha akajikohoza. Mzee Bazilio akafunga kitabu. "Tusimame, tufunge kwa sala."

Kwetu msalaba wa jumuiya, wenye sanamu ya Yesu, hubaki wiki nzima katika nyumba iliyosaliwa. Mzee Bazilio aliuacha mezani, akawa anatafuta viatu vyake. Mama Apoline akaunyanyua, akamrudishia mkononi.

"Mchukueni na huyu. Kwangu atakaa na kiu."

Mzee akaupokea. Akampa mama yangu aubebe, na tulipofika kwenye mteremko mama akanipa mimi. Mbele yangu Pasikali alishaanzisha wimbo. Dorcas, mwenye tumbo, alichomoa muwa kwenye kanga akaumenya kwa meno. "Yule mama ana kiburi," akasema, na wengine wakakubali. Nikatema mate majanini, lakini ladha mbaya haikutoka mdomoni. Aibu ile ilikuwa yangu pia.

Nikamrudishia mama msalaba, nikageuka.

"We Uwimana! Unakwenda wapi? Uwimana!"

Nikapanda mlima tena.

Nilimkuta Mama Apoline anakanyaga udongo wa vyungu kwa nguvu, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Umesahau nini?"

"Sijanywa, mama."

Alinitazama, akaendelea kukanyaga.

"Togwa nimemwaga. Maji yapo mtungini. Chota mwenyewe."

Hakunikaribisha ndani. Niliingia, nikachota.