Pete ya Nyanya Niliyotaka Kuyeyusha

Mimi ni sonara hapa Kitale, na ninakiri leo kwa sababu hadithi hii imeshafika Bungoma bila mimi.

Wiki jana mteja wangu Nafula aliniletea pete mbili za dhahabu zenye kijiwe chekundu. Moja ilikuwa ya nyanya yake, ya enzi za wakoloni. Nyingine ilikuwa ya marehemu mamake. Zilikuwa zimechanganyika sandukuni, hajui ipi ni ipi. Ya nyanya angemvika bintiye siku ya harusi, na ile nyingine alitaka niiyeyushe nimtengenezee herini.

Kioo cha kukuzia kilikuwa mezani. Sikukigusa. Nilishika ile iliyolika na kukwaruzika, nikaanza hotuba.

"Hii ndiyo ya nyanya. Ona kazi. Mafundi wa siku hizi hawawezi."

Ile iliyong'aa nikaisukuma kando. "Hii ni ya juzi tu, tena ya mtu alikuwa na haraka."

Nikawasha moto.

Shangazi yake Nafula, aliyekuwa ameketi kwenye benchi tangu waingie, akasema, "Ngoja kwanza, fundi. Mama Nafula alilima mahindi na pete kidoleni miaka ishirini. Nyanya alivaa yake Jumapili peke yake, akienda kanisa."

"Sasa?"

"Sasa si uangalie ndani."

Nikachukua kioo. Ndani ya ile pete niliyoisifu kulikuwa na nyota ndogo, ile ambayo mimi hugonga kwenye kila kazi yangu.

"Ati mafundi wa siku hizi hawawezi?" shangazi akauliza polepole, akauzima moto mwenyewe.