Mikate ya Eustadia Iliyofukuzwa Mezani

Eustadia hakuwa mwizi, wala hakuwa mlevi. Kwa miaka saba, tangu alipotoka Tura kumfuata mumewe, mfanyakazi wa reli hapa Tabora, mikate yake ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza kwenye gulio la Krismasi la kanisa lao, pale uani wanawake walipopanga vitumbua, maandazi na keki zao. Hebu niambieni basi, mtu wa namna hiyo anafukuzwaje mezani kama kuku aliyeingia jikoni?

Kisa chenyewe ni hamira. Mwaka mmoja, wakati wa vita, ilipotea madukani kabisa. Wenzake walioka hivyohivyo, mikate ikatoka migumu kama tofali. Eustadia akakumbuka walivyofanya kwao: alichukua machicha ya pombe ya mtama, yale yanayobaki chini mtungini, akakandia unga, akaufunika mpaka ukaumuka. Akaoka kwenye sufuria, moto chini, moto juu. Ikatoka mikate laini ajabu.

Kosa lake ni kusema. Mwenzake mmoja alimwuliza amefanyaje, naye kwa furaha akaeleza yote. Habari zikamfikia Mzee Silasi, mzee wa kanisa, na kanisani kwao pombe ilikuwa haramu hata kuinusa. Silasi akaja uani, akaagiza mikate yake yote iondolewe mezani, na mwenye mikate asikae na wenzake mpaka wazee wamjadili. Aliyasema hayo mbele za watu, siku ya sikukuu! Hakuna aliyemtetea Eustadia, hata yule muulizaji, ambaye ghafla alipata kazi ya kupanga upya vitumbua vyake.

Roho ilimuuma, jamani. Angeweza kwenda kulia nyumbani, lakini alijua akiondoka vile ataitwa mlevi mpaka kaburini. Akatandika kanga ndani ya ua uleule, akapanga mikate yake, akakaa. Kila aliyesimama aliambiwa wazi kwamba mkate huu umeumuliwa kwa machicha ya pombe. Anayetaka anunue, asiyetaka apite. Wengi walipita.

Mchana Silasi mwenyewe akaja. Mama yake, Bibi Kashindye, hakuwa na jino hata moja, na mkate wa mezani alikuwa ameshautema mara mbili. Alimtuma mwanawe akamletee wa Eustadia, kama kila Krismasi. Na mama akituma, mzee wa kanisa naye ni mtoto tu.

Silasi akainama, akanong'ona kwamba anataka mmoja, wa mgonjwa.

"Mgonjwa gani, mzee?"

Akakohoa. "Mama."

"Bibi nampa bure," Eustadia akasema, bila kupunguza sauti. "Ila ile pombe uliyoiona asubuhi, bado imo?"

Silasi akatazama huku na huku. "Imeishia motoni," akasema.

"Waambie na wale wa mezani."

Akageuka, akawaambia, na safari hii kila mtu alisikia.

Eustadia akampa mkate. Silasi akafungua koti lake ili autie ndani.

"Ubebe mkononi, mzee," Eustadia akamwambia. "Kwani ni mkate tu."

Silasi akafunga koti. Akaupitisha mkate mbele ya meza nzima, mkononi, mpaka alipokaa mama yake.