Mgeni Ambaye Hakusema Rudi

Desderius Ntwari, mume wangu, hakutoroka na mwanamke. Naliandika hilo mwanzoni ili msomaji asijisumbue kulitafuta mbele. Hakuwa na nyumba ya pili Biharamulo, hakuacha mtoto huko, na yule dada aliyeonekana akishuka naye kwenye basi hakuwa mchumba wake. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo tofauti ya habari na uvumi naijua, na nimechoka kusimama sokoni nikisikia uvumi unapimwa kama maharage.

Ningenyamaza, maana nimenyamaza miaka yote hiyo. Lakini mwaka huu kikundi cha utalii cha hapa Murusagamba kilitaka kuipa njia ya kupanda mlima jina la Desderius, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuwapeleka wageni kule juu. Katika mkutano wao mtu mmoja akasimama akauliza kama ni sawa njia ya kijiji ipewe jina la mzee aliyekimbia na mtalii. Mwenyekiti, Paschal, akaahirisha jambo lile mpaka Jumapili baada ya Misa. Marehemu alikuwa hajamaliza miaka miwili kaburini.

Mume wangu hakuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa hapahapa, kwenye migomba ya baba yake. Alisoma seminari ndogo, akarudi nyumbani baba yake alipopooza, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika kwamba angekuwa padri. Alilima ndizi na maharage, aliimba sauti ya nne kanisani, na koti lake la kijivu alilivaa hata kwenye jua kali. Tulipooana watu walisema mwalimu ameolewa na mkulima. Hilo nalo lilikuwa umbea, ila lile lilinichekesha.

Wageni walianza kuja baada ya barabara ya huku kuchongwa. Kabla ya hapo waliishia maporomoko ya Rusumo, wakapiga picha, wakaenda zao. Sasa walikuwa wanafika na mahema na baiskeli zenye matairi manene, wakitaka kupanda mlima ulio nyuma ya shamba letu. Juu kule unaona mto Ruvubu umejikunja chini, na ng'ambo yake vilima vya Burundi kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yanachoka. Sisi tulikuwa tunapanda kule kutafuta mbuzi waliopotea. Wao walikuwa wanapanda kuangalia jua likizama. Desderius hakuwacheka. Alisema mtu aliyetoka mbali kuja kuangalia kwako ni mgeni wako, awe na sababu au asiwe nayo.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwake hawakuwa watalii, walikuwa wageni. Kabla ya kupanda lazima wapite nyumbani, wakae, wanywe kitu. Wengine walikuwa wanaangalia saa zao huku nawawekea uji. Nami nilikuwa nimetoka kufundisha, miguu inawaka moto, nikitaka tu kuvua viatu, lakini sebule imejaa watu wenye mabegi makubwa kuliko watoto wangu. Njiani alikuwa anatembea nyuma yao, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni. Vijana wa kikundi walimwambia mwongozaji hutangulia. Akawajibu, "Njia ni moja. Watapotelea wapi?"

Na kusindikiza, kwetu, kuna utaratibu wake. Mgeni akiondoka unatoka naye. Huwezi kugeuka kwa hiari yako, maana utakuwa umemfukuza. Unamsubiri yeye aseme, "Rudi sasa." Akisema mara ya kwanza unakataa, unasogea naye kidogo. Akirudia mnapeana mikono, unarudi. Asiposema, maana yake bado anahitaji mtu wa kutembea naye. Hata mtoto wa darasa la kwanza huku analijua hilo.

Teddy hakulijua. Alikuwa dada wa makamo, mzaliwa wa Dar es Salaam, kazi yake kuzunguka mikoani akiandika kitabu cha njia za kutembea milimani. Alikuja kwetu wakati wa kiangazi, akapanda na Desderius asubuhi, wakashuka kabla ya saa sita. Akala, akashukuru, akaniaga vizuri kabisa. Alikuwa anaelekea Biharamulo, aone lile Boma la Wajerumani, kisha aingie hifadhi ya Burigi. Mume wangu akachukua begi dogo la mgeni wakatoka. Simu yake aliiacha ukutani inachajiwa. Alikuwa anakwenda barabarani tu.

Yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe, na baadaye Teddy aliniandikia ujumbe wa simu wenye maneno yaleyale.

Walipofika barabarani alisimama akisubiri neno. Teddy akasema, "Asante sana mzee wangu." Asante siyo rudi. Pakatokea gari la mtu aliyekuwa anapeleka ndizi Ngara mjini, dereva akasema kuna nafasi mbele. Teddy akapanda, akasogea, akamwambia, "Twende?" Yeye alidhani mzee ana shughuli mjini. Mzee alidhani mgeni anaogopa kwenda peke yake na dereva asiyemfahamu. Akapanda.

Ngara mjini wakasubiri basi pamoja. Teddy akamnunulia soda, akamshukuru tena. Basi lilipokuja, kondakta akapokea begi mkononi mwa Desderius, akamwambia, "Panda baba, mama ameshakaa." Teddy akageuka akatabasamu, akakipigapiga kiti cha pembeni yake. Basi, akapanda.

Walipofika Nyakahura akawaza, atasema hapa. Lusahunga, ambapo magari yanapumzika na watu wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, akawaza, hapa sasa lazima aseme. Teddy akamletea hindi. Wakaingia Biharamulo jua limeshalala, Desderius akiwa na koti lake na viatu vya shambani, amebeba begi la mwanamke, mbele ya stendi nzima. Pale ndipo Teddy alipomuuliza, "Mzee, na wewe unafikia wapi?" Akajibu, "Kwa shemeji yangu." Kumbe mpaka dakika ile hakuwa amemfikiria kabisa.

Shemeji huyo ni Audax, mdogo wangu, fundi cherehani pale Biharamulo. Desderius alimfikisha Teddy hosteli ya parokia, akamkabidhi begi mbele ya sista wa mapokezi, na Teddy, akifunga geti, akasema kwa mara ya kwanza siku ile, "Haya mzee, rudi sasa ukapumzike." Desderius alikataa mara moja kama inavyotakiwa. Sista akamwambia, "Baba, hapa wanaume hawaingii." Akaenda kwa Audax.

Audax alimhurumia, lakini Mungu alimpa mdogo wangu mdomo usiofungika. Alinipigia simu palepale. Simu yangu ilikuwa imeharibika, haisikiki mpaka uweke spika, na sebuleni kwangu walikuwepo wanajumuiya, tumemaliza tu rozari.

"Dada," Audax akasema, sauti ikijaa nyumba nzima, "usimtafute mumeo. Yuko huku, kaja na mchumba mweupe kutoka Dar, kambebea mpaka na mkoba!"

Akacheka. Nilizima simu. Akina mama walikuwa wameinamisha vichwa kama tungali kwenye sala. Walipoondoka walinishika mkono mmojammoja, kama tunavyoshikana msibani.

Desderius alirudi kesho yake kwa basi la mchana. Alipita katikati ya soko na kila mtu akamwangalia. Nilimwambia awaeleze. Akakaa, akavua viatu, akasema, "Mwalimu, nikieleza nitakuwa namtangaza mgeni kwamba hana adabu. Amekula kwangu." Hakueleza. Akaendelea kupanda mlima na wageni, nyuma yao, na kila aliposhuka kilabuni kuna aliyemuuliza, "Mzee Desi, leo tena Biharamulo?" Alikuwa anacheka nao. Mimi sikucheka. Niliona jinsi wazazi wa vijana walivyokuwa wanamtazama binti yetu Avelina, wakijiuliza ametoka nyumba ya namna gani.

Ndiyo maana, Paschal alipoahirisha lile jambo, nilipanda basi kwenda Biharamulo kumchukua Audax. Magoti yangu hayapendi safari sasa. Nilimkuta anashona sare za kwaya.

"Dada, shikamoo. Mbona hukunipigia?"

"Marahaba. Nimeacha kukupigia tangu ile siku. Jumapili unakuja Murusagamba kusema ukweli mbele ya watu."

"Ukweli upi? Ule ulikuwa utani, dada. Nilikuwa namtania shemeji yangu, si ruhusa?"

"Utani wako umekua, Audax. Umeshapata wajukuu."

Akakata uzi kwa meno. "Nitakuja," akasema. "Lakini usinipangie cha kusema kama mwanafunzi wako."

Jumapili tulikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya kikundi. Vijana, wazee, wanajumuiya, hata waliokuja kwa sababu ya kusikia tu. Aliyepinga jina ni Idefonsi, jirani yetu, mtu wa heshima kiasi chake. Audax akasimama, akaeleza vizuri kuliko nilivyotegemea, mpaka alipofika stendi. Hapo akaanza kuigiza Desderius anavyotembea na begi la kike, watu wakaangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze.

Idefonsi hakucheka. "Swali ni moja. Alilala wapi?"

"Kwangu," Audax akajibu. "Kitanda kimoja na mimi. Alikoroma mpaka jirani akagonga ukuta."

"Na huyo dada?"

"Kwa masista. Nenda ukawaulize, kama utaruhusiwa getini."

"Hayo sawa," Idefonsi akasema, akinyoosha kidole. "Lakini mnataka tuamini kwamba mtu mzima, mwenye mke na mashamba, alitoka hapa mpaka wilaya nyingine eti kwa sababu hakuambiwa rudi?"

Nikaona watu wanatazamana, na nikafikiri tumeshindwa. Kisha bibi Esperansia, mkubwa wa jumuiya yetu, mmoja wa walionishika mkono jioni ile, akasema bila kusimama, "Idefonsi, mwanangu. Mgeni ametoka kwako. Hajasema rudi. Wewe ungefanyaje?"

"Mimi?"

"Wewe. Ungemwacha barabarani?"

Idefonsi akavua kofia. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anaangalia chini akijizuia. "Siyo kumwacha," akasema. "Ningemsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka... basi, tuseme Lusahunga."

"Lusahunga!" Paschal akadakia. "Mzee, Lusahunga si ndiyo Biharamulo tayari? Umebakiza nini?"

"Na pale Lusahunga," bibi Esperansia akaendelea, "ungemwambiaje? Shuka na njaa yako, mimi nimechoka na wewe?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na waliolikalia. Idefonsi mwenyewe alicheka, akijifuta macho kwa kofia, akasema, "Jamani, mwandikeni. Mwandikeni tu. Hata mimi ningefika." Jina likapita bila kura.

Kibao sasa kimesimama chini ya mlima: Njia ya Desderius. Nilikwenda kukiona. Rangi ni nzuri, herufi zimenyooka. Lakini vijana wanaoongoza wageni siku hizi wanawasimamisha pale na kuwasimulia, na humalizia kwa kuwaambia, "Kwa hiyo mkitoka hapa, tafadhali semeni rudi, la sivyo tutafika nanyi Dar." Wageni wanacheka, wanapiga picha. Niliomba heshima, nikapewa kichekesho chenye jina la mume wangu juu yake. Wanampenda, naliona hilo. Wanamsema vizuri, na watoto wetu wanatembea kichwa juu. Sina nguvu ya kudai zaidi ya hapo.

Juzi Avelina alikuja na wanawe, akanikuta nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akakaa karibu, akaanza kunikanda visigino bila kuombwa.

"Mama," akasema, "siku baba aliporudi kutoka Biharamulo, kabla Teddy hajaandika, kabla uncle Audax hajaeleza chochote. Ulimwamini?"

Nikamwambia maji yamepoa, aongeze.

Akaongeza. Akasubiri.

"Mama, nakuuliza mimi tu. Sitamwambia mtu."

Nimeandika hapa kila kinachohusu watu: alipokwenda, alipolala, nani alisema nini na nani aligeuza maneno. Hayo ni ya kijiji, na kijiji kimeshayapata. Yaliyosemwa chumbani kwangu mchana ule aliporudi Desderius, mlango ukiwa umefungwa, ni ya wawili, na mmoja wao amefariki. Avelina sikumjibu. Nawe msomaji sitakujibu.