Lalla, Mke Mkubwa wa Bouziane

Mume wangu Bouziane alikuwa na pikapu kabla hajawa na mimi. Pijo mia nne na nne, nyeupe iliyokwisha kuwa manjano, turubai nyuma. Ndiyo iliyonileta mji wa Tighennif siku ya harusi, na mama mkwe alipoipigia vigelegele sikujua kwamba anampigia mke mwenzangu. Bouziane anaiita Lalla, jina ambalo kwetu hupewa bibi mwenye hadhi yake. Mimi ananiita "we Kheira", na akiwa na haraka ananipigia mluzi.

Nisimsingizie, ni mtu mwema. Anabeba viazi vya wakulima wa bonde la Ghriss na hajawahi kuninyooshea mkono. Lakini Ijumaa akitoka msikitini, wa kwanza kujuliwa hali ni Lalla. Atapima upepo wa magurudumu, atakung'uta vumbi la chujio la hewa, atapapasa kila mpira wa injini kuona kama unavuja. Mimi niliumwa jino mpaka shavu likavimba, akaniambia nisukutue kwa maji ya karafuu.

Dizeli ilipopanda bei, na wivu wangu ukapanda. Alianza kumpunguzia Lalla mizigo ili anywe kidogo. Aling'oa turubai na vyuma vyake, akasema vinakamata upepo. Akashusha sanduku la spana zisizo na kazi. Barabarani anaondoka taratibu, na nikimwambia akanyage mafuta kidogo ananijibu kwamba Lalla hapendi kukimbizwa. Wanaume wa kahawani wanamsifu kwa gari kuukuu linalokunywa kidogo kuliko magari yao mapya. Mimi nasonya tu.

Basi binti wa mdogo wangu akapata mchumba, na usiku wa hina ukapangwa kwao, mji wa Saida. Kukanda hina ilikuwa haki yangu, mimi mama yake mkubwa. Nikichelewa ataikanda mke wa kaka yangu, na huyo ataniringia mpaka naingia kaburini. Nikafunga gunia la kuskusi na blanketi zito la zawadi. Bouziane akavitazama, akasema vitangulie kwa basi, maana njia ya Saida ina milima.

"Na mimi je? Nipande basi?"

Akafikiri. Wallahi, alifikiri.

"Hapana," akasema mwishowe. "Wewe si mzito sana."

Niliungua roho. Asubuhi ya safari nikatoka uani, nikasimama mbele ya gari, nikalitazama vizuri. Kwetu, kusifu kitu bila kutaja mashaallah ni kukitupia kijicho, na hata mtoto anajua.

"Lalla kapendeza leo," nikasema. "Uzee wote huo, hata kikohozi hana."

Kisha nikanyamaza. Bouziane alikuwa anasubiri, uso umembadilika.

"Malizia, Kheira."

"Nimalizie nini? Nimemaliza."

Alikwenda kuleta chetezo, akatia makaa, shabu na ubani vya kuondoa kijicho, akafungua boneti akaifukiza injini mpaka ua mzima ukanuka. Mimi nilikuwa ndani nimepindua kabati zima, natafuta kilemba changu cha hariri cha manjano nilichokiweka kwa ajili ya hina. Sikukiona. Nikajifunga cha kila siku, nikapanda gari nimenuna.

Tambarare tulikwenda salama. Tulipoanza kupanda mlima, Lalla akaanza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, nguvu zikamwishia, na mshale wa mafuta ukashuka kama tangi limetoboka. Magari yakatupita yakitupigia honi.

"Umemroga," Bouziane akasema. "Jicho lako hilo."

Nilifurahi, sitaficha. Halafu nikaikumbuka hina, na wifi yangu, na mikono yake ndani ya bakuli langu, furaha yote ikaniishia.

Alisimamisha gari pembeni akafungua boneti. Alikawia kuinua kichwa, nikashuka. Kwenye mdomo wa chujio la hewa alikuwa anavuta kitu, kikatoka polepole, kimejikunja, cheusi huku na cha manjano huku. Kilemba changu.

"Niliziba ili majivu ya chetezo yasimwingie," akasema bila kunitazama. "Nilitaka kitu kisafi. Nikasahau kukitoa."

Katika matambara yote ya nyumba ile, hata kilemba changu cha sherehe kavaa Lalla.

Bouziane akawasha gari. Injini ikanguruma vizuri, moshi ukakata. Lakini hakuingiza gia. Aliogopa.

"Sema mashaallah, Kheira, twende. Utachelewa."

Nilikuwa nimesimama nje, kilemba mkononi. "Niite kwanza."

"Nikuite nini?"

"Unajua."

Alitazama mlima, akatazama usukani, akatazama barabara kama kuna mtu wa kumsikia.

"Ingia, Lalla Kheira," akasema kwa sauti ndogo.

Nikasema mashaallah, nikaingia, nikafunga mlango. Na hina niliikanda mimi. Lakini tulipokuwa tunaumaliza ule mlima, alipodhani natazama dirishani, niliuona mkono wake ukishuka kwenye gia, ukaipapasa taratibu, kama mtu anayemwomba radhi mke mkubwa.