Mama wa Junju Aliyenifundisha Kusema Bado

Habari za kifo chake zilinifikia hapa Malindi baada ya sala ya alfajiri, na jua halijakaza nilikuwa safarini kwenda Junju kumzika. Hakuwa jamaa yangu, wala hatukuwa wa dini moja. Kazi yake ilikuwa kuwafafanulia watu wa kawaida utafiti wa tiba, nami nina sababu ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, sababu ambayo sijawahi kuiandika hapa kwa kuwa inaniaibisha.

Miaka michache iliyopita nilipewa karatasi iliyosifu matone ya seli shina, yaani zile seli changa za mwili ambazo hazijashika kazi maalumu na zinaweza kuzaa seli za aina nyingine. Ilisema yanaponya siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilifurahi mno. Ijumaa ile, baada ya sala, nikasimama nikawatangazia waumini kwamba Mwenyezi Mungu ameshateremsha dawa. Sikuuliza mtu. Jirani yangu, ambaye binti yake ana ugonjwa huo, akanunua chupa na kuacha kumpa mtoto vidonge vya kila siku. Mwezi haukwisha, mtoto akalazwa akilia kwa maumivu ya mifupa. Huko hospitali ndiko mama wa Junju alikowakuta, akaja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, maalim. Nimekuja kukugombeza, lakini nipe maji kwanza."

"Marahaba. Maji utapewa. Kosa langu lipi?"

Akanywa, akanieleza. Seli shina za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, ni tiba ya kweli kwa baadhi ya wagonjwa. Hupandikizwa katika hospitali chache, zina hatari zake, na lazima apatikane wa kuzitoa ambaye seli zake zinalingana na za mgonjwa. Matibabu mengine yangali yanajaribiwa. Ya kwenye chupa ni uongo. Kisha akasema, "Haya, nieleze nilivyokueleza." Ndiyo iliyokuwa desturi yake, haondoki mpaka umrudishie maneno. Nikayarudia, nikaziruka hatari. Akacheka. "Umeruka lisilokupendeza. Hata wasomi huruka papo hapo. Tena!"

Nilipomaliza nikasema nitakwenda kumwomba radhi mama mtoto.

"Nenda. Lakini uliwaambia watu wote, maalim. Sasa utamnong'oneza mmoja?"

Ijumaa iliyofuata nikasimama, nikasema nilikosea. Mzee mmoja akanguruma, "Sasa dawa ipo au haipo?" Nikajibu, "Ipo kwa wachache. Kwa wengi, bado. Vidonge msiache."

Nimelifikiria sana neno hilo, "bado". Sisi tunaopewa kipaza sauti hupenda kuwafurahisha watu, na watafiti nao hupenda kusifiwa. Kati yetu yuko mama mwenye mtoto mgonjwa, ambaye "huenda" humfikia masikioni kama "tayari". Subira ni ibada, lakini anayesubiri ana haki ya kujua anasubiri nini.

Mazikoni nilimkuta binti yule wa jirani yangu, sasa amenipita begani, akigawa maji. Nikamwuliza kama anakunywa dawa.

"Kila siku, babu. Na wewe siku hizi unauliza kabla ya kutangaza?"

"Nauliza."

"Haya, nieleze, hiyo tiba ya uboho imefika wapi?"

Nikamweleza pale pale, na hatari sikuziruka. Ijumaa hii nitasimama tena, na sitakaa mpaka mtu wa safu ya nyuma anirudishie nilichosema.